Kabla Hujalitupa Lile Boksi

Sisi kina mama ndio tunaofagia. Ndio tunaopanga makabati, tunaohamisha vitu nyumba inapopakwa rangi, na mara nyingi ndio tunaoachiwa kazi ya kupekua masanduku baada ya msiba. Kwa hiyo karatasi nyingi hupitia mikononi mwetu: barua, tiketi, picha, vitabu vilivyong'oka majalada. Nyingine tunazitunza, nyingine tunawashia jiko. Lakini ni nani aliyetufundisha kuzitofautisha?

Mwezi huu tumechagua jambo ambalo huenda wasomaji wetu wengi wameliona kuwa la wanaume tu, au la watu wenye fedha za kuchezea. Nalo ni kukusanya vitabu vya zamani na kumbukumbu za usafiri wa ndege na safari za anga za juu. Tulipoanza kulifuatilia tulishangaa. Habari zake nyingi ni habari za wake, wajane, watoto na makabati ya nyumbani. Tena baadhi yake zilitokea hapa kwetu Afrika Mashariki.

Wanakusanya nini?

Wapo wanaokusanya vitabu: maisha ya marubani, historia za mashirika ya ndege, vitabu vya watoto vya wakati ule ambapo kwenda mwezini ilikuwa bado ndoto. Wengine hutafuta ratiba za ndege, tiketi, lebo za mizigo, beji za wahudumu, hata vijiko na vikombe vilivyotumika angani. Wengine ni watu wa stempu, wanaotafuta bahasha zilizosafirishwa kwa ndege siku ya kwanza ya njia mpya. Na wapo wanaotaka kitu chochote kilichowahi kuguswa na mwanaanga. Mwaka 2005 ilijulikana kwamba kinyozi wa Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, aliziuza nywele alizomkata kwa dola 3,000. Armstrong alikasirika sana, na sisi hatumlaumu.

Msomaji ataona mara moja kwamba vitu hivi vyenyewe si dhahabu. Ni karatasi, kitambaa na bati. Kinachovipa thamani ni habari iliyofungamana navyo. Bahasha isiyojulikana ilikotoka ni bahasha tu. Bahasha hiyo hiyo, ikijulikana ni nani aliyeiandika, lini, na kwa sababu gani, inaweza kuingia katika jumba la makumbusho. Na mara nyingi anayeijua habari hiyo ni mtu mmoja tu nyumbani, naye anazeeka.

Mkoba ndani ya kabati

Neil Armstrong alifariki Agosti 2012. Baadaye mjane wake, Carol, alipokuwa akipanga vitu, alikuta kabatini mkoba mweupe wa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na vitu vidogo vidogo vilivyofanana na vyuma vya fundi. Angeweza kabisa kuuweka kando pamoja na takataka za gereji. Badala yake alivipanga chini, akavipiga picha, akawatumia wataalamu wa Jumba la Makumbusho la Anga la Smithsonian huko Marekani, akiwauliza ni vitu gani.

Wataalamu hawakuamini macho yao. Ulikuwa mkoba uliotumika ndani ya chombo kilichotua mwezini tarehe 20 Julai 1969. Miongoni mwa vitu hivyo ilikuwemo kamera iliyopiga filamu ya kutua kwenyewe, ile ambayo ulimwengu mzima umeiona. Vitu hivyo vilikuwa viachwe huko huko mwezini. Armstrong alirudi navyo duniani, akauweka mkoba kabatini, ukakaa humo zaidi ya miaka 40. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2015.

Tunalolipenda katika kisa hiki ni kwamba mama huyu hakuwa mtaalamu, wala hakujifanya anajua. Alichofanya ni kuuliza kabla ya kutupa. Lakini pia kuna la kusikitisha. Mwenye mkoba alikuwa amekwenda zake, na mkewe hakuwa na wa kumwuliza nyumbani. Kama vitu hivyo visingekuwa na namba na kumbukumbu za kiserikali za kulinganisha, nani angejua?

Bahasha badala ya bima

Kabla ya safari hiyo ya Apollo 11, wanaanga watatu, Neil Armstrong, Edwin Aldrin na Michael Collins, walikuwa na mzigo ambao kila mzazi anaujua. Je, nisiporudi, watoto wangu watakula nini? Mishahara yao ilikuwa ya watumishi wa serikali, na bima ya maisha ya kutosha kwa mtu anayekwenda mwezini ilikuwa ghali kupita uwezo wao.

Wakabuni njia. Walipokuwa wametengwa na watu kabla ya safari ili wasiambukizwe maradhi, walikaa wakitia sahihi zao kwenye mamia ya bahasha. Bahasha hizo zilikabidhiwa mtu wa kuaminika. Yeye alizipeleka posta zikapigwa muhuri siku zenyewe za tukio, yaani siku roketi iliporuka na siku walipotua mwezini. Kisha zikapelekwa kwa familia zao. Wazo lilikuwa rahisi: wakifa, wajane watakuwa na kitu cha kuuza.

Tunashukuru kwamba walirudi salama. Bahasha zikabaki majumbani, na wanaanga wa safari zilizofuata, mpaka Apollo 16, walifanya vivyo hivyo. Miaka ya 1990 zilianza kuonekana minadani, na leo wakusanyaji huziita "bahasha za bima". Ukiishika mojawapo unashika hofu ya baba na utulivu wa mama aliyekuwa akitabasamu mbele ya kamera za waandishi wa habari huku akijua kilichomo katika mtoto wa meza.

Bahasha nyingine, mwisho mwingine

Mwaka 1971 walikwenda mwezini David Scott, Alfred Worden na James Irwin kwa Apollo 15. Wao nao walichukua bahasha, kama 400 hivi, lakini hawakuwaambia wakubwa wao. Walikuwa wameahidiana na mfanyabiashara wa stempu kwamba akishauza zake, kila mmoja wao atapata dola 7,000. Fedha hizo zilikuwa za kuwawekea watoto wao akiba.

Siri haikukaa. Bahasha zilianza kuuzwa Ulaya mapema kuliko walivyotarajia. Ingawa waliikataa fedha hiyo, walikaripiwa rasmi mwaka 1972, na hakuna hata mmoja wa watatu hao aliyekwenda tena anga za juu. Irwin aliacha kazi hiyo na kuwa mhubiri wa Injili mpaka alipofariki mwaka 1991. Mwaka 1983, baada ya Worden kwenda mahakamani, serikali iliwarudishia bahasha zilizokuwa zimeshikiliwa.

Tuziweke bahasha hizi mbili mezani pamoja. Karatasi ni ile ile, wino ni ule ule, na nia ilikuwa moja: watoto. Tofauti ni kwamba moja ilifanywa kwa njia iliyo wazi na nyingine kwa kificho. Kila mzazi aliyewahi kujaribiwa kupitia mlango wa nyuma "kwa ajili ya watoto" ataelewa bila kuhubiriwa.

Kikombe na Biblia

Wasomaji wetu watapenda kujua kwamba hata vitu vya ibada vimesafiri huko. Aldrin, aliyekuwa mzee wa kanisa la Presbyterian la Webster karibu na Houston, alibeba mkate kidogo, divai na kikombe kidogo cha fedha. Kabla ya kutoka nje ya chombo chao kukanyaga mwezi, alishiriki Meza ya Bwana. Kikombe hicho kinatunzwa na kanisa lake hadi leo, na kila Julai washirika huikumbuka siku hiyo.

Mwaka 1971 Apollo 14 ilitua mwezini ikiwa na nakala 100 za Biblia nzima zilizopunguzwa kwa kupigwa picha, kila moja ikiwa kipande cha filamu kinachoenea kiganjani. Sasa ni miongoni mwa vitu vinavyotafutwa sana na wakusanyaji. Sisi tunaona ni ajabu kidogo watu kushindana kwa bei kupata Biblia isiyosomeka bila darubini, huku ile inayosomeka ikikaa na vumbi. Lakini hilo ni la kila mmoja na nafsi yake.

Kitabu kilichomwokoa mwandishi wake

Tukirudi kwenye vitabu, hatujui kisa kizuri kuliko cha Beryl Markham. Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto mdogo, akakulia shambani kwa baba yake huko Njoro, akizungumza Kiswahili na kucheza na watoto wa jirani. Alikuwa mfunza farasi, kisha rubani wa kulipwa, akiruka peke yake juu ya mapori yasiyo na taa wala barabara. Septemba 1936 alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka mashariki kwenda magharibi. Alitoka Uingereza na, baada ya saa 21 hivi, ndege yake ikaangukia puani katika matope ya Nova Scotia, Kanada.

Mwaka 1942 kilitoka kitabu chake, *West with the Night*. Ilikuwa wakati wa vita, kikauzwa kidogo, kikasahaulika. Miaka ikapita. Bibi huyo alizeeka akiishi karibu na Nairobi katika hali ya ufukara, akiendelea kufundisha farasi. Mwaka 1981 zilichapishwa barua za mwandishi maarufu Ernest Hemingway, na katika barua mojawapo alikuwa amekisifu sana kitabu hicho. Msomaji mmoja wa California mwenye mgahawa aliisoma barua hiyo, akakitafuta kitabu ambacho hakikuwa tena madukani. Alipokisoma alikwenda kumshawishi mchapishaji mdogo akitoe upya. Kilitoka mwaka 1983, watu wakakigombania, na mwandishi wake, aliyekuwa amekwisha fikia miaka 80, akapata fedha za kumtunza mpaka alipofariki mwaka 1986.

Fikiri kama nakala zote za zamani zingekuwa zimekwisha kufungiwa karanga. Mtu asiyemjua, aliye mbali, alimfikia bibi kizee huyu kwa sababu kuna aliyetunza kitabu.

Hata kwetu ziko

Huenda ukasema, "Hayo ni ya Marekani. Sisi tuna nini?" Tunavyo vingi kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilianza kuleta barua kwa ndege kutoka London mpaka Mwanza, kupitia Misri, Sudan na Kisumu, sehemu ya njia ikiwa ni kwa ndege zinazotua majini. Bahasha za safari hizo za kwanza, zenye mihuri ya Kisumu na Mwanza, zinatafutwa na wakusanyaji wa nchi nyingi. Baadaye tulikuwa na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977. Wahudumu, mafundi na makarani wake walitoka Kenya, Uganda na Tanzania. Beji zao, ratiba, picha za sherehe na barua za ajira zimo majumbani mwa wajukuu wao, nyingi zikiwa hazina hata jina nyuma.

Katika miaka ya mwanzo ya 1960 palikuwa na kituo cha Wamarekani huko Zanzibar cha kufuatilia vyombo vya anga. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, kituo hicho kilikuwa mojawapo ya vile alivyozungumza navyo akipita juu. Kiliondolewa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi.

Kisha kuna jambo ambalo kila msichana wa shule angepaswa kuambiwa. Baharini karibu na Malindi, Waitaliano waliweka majukwaa ya chuma ya kurushia roketi yaliyoitwa San Marco, nayo yalirusha setilaiti tangu 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Msimamizi wa kazi hiyo kutoka NASA, shirika la anga la Marekani, alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inasherehekea mwaka wa 7 wa uhuru wake, aliipa setilaiti jina la Kiswahili: Uhuru. Jina hilo limo katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote. Mwanasayansi aliyeongoza utafiti wake, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Walikuwepo wavuvi walioyaona majukwaa hayo kila siku, wapishi, madereva, walinzi. Kama babu yako alikuwa mmojawapo na amebakiza kitambulisho, picha au barua, hicho ni kipande cha historia ya sayansi.

Tahadhari kwa mwenye kununua

Penye fedha hapakosi wajanja. Tuonyane mambo matatu.

Kwanza, sahihi. Wanaanga walikuwa wakipokea barua nyingi mno hata ofisi zikatumia mashine iliyoshika kalamu na kuiga sahihi zao. Ukizilinganisha sahihi mbili za mtu, zikalingana kila mkunjo bila tofauti yoyote, jua ni kazi ya mashine, kwani mkono wa binadamu haujirudii hivyo. Armstrong mwenyewe aliacha kutia sahihi mwaka 1994, baada ya kuona zinafanyiwa biashara na nyingine zinaghushiwa.

Pili, umiliki. Mawe yaliyoletwa na wanaanga wa Apollo hayauzwi. Ni mali ya serikali ya Marekani, au ya nchi zilizopewa vipande vidogo kama zawadi. Mwaka 1998, huko Miami, maofisa waliojifanya wanunuzi walikamata kipande kilichokuwa zawadi kwa taifa la Honduras, ambacho mtu alikuwa akikiuza kwa dola milioni 5. Wanaanga wenyewe walihitaji sheria ya mwaka 2012 kuthibitisha kwamba vitu vidogo walivyorudi navyo kutoka safari za zamani ni vyao.

Tatu, ushahidi. Mwaka 2015 mama mmoja mwanasheria wa Illinois alinunua katika mnada wa serikali mfuko mmoja wa safari za anga kwa dola 995. Aliupeleka NASA ukapimwe, ikaonekana una vumbi la mwezi. Ulikuwa mfuko uliobebea mawe ya kwanza ya Apollo 11, na uliuzwa kwa sababu ya makosa ya namba katika kumbukumbu. NASA ilikataa kuurudisha. Mama akaenda mahakamani na stakabadhi zake, akashinda. Mwaka 2017 uliuzwa New York kwa dola milioni 1.8. Si kila mtu atabahatika hivyo, wala tusimdanganye msomaji. Lakini tazama: kilichomtetea ni karatasi za ununuzi alizozitunza.

Ukitaka kuanza

Huhitaji dola. Tembea penye wauza vitabu vilivyotumika, wale wanaotandaza chini kando ya barabara. Chagua jambo moja dogo: marubani wanawake, au ndege za Ziwa Victoria, au safari za mwezini. Anayekusanya kila kitu hatimaye anakusanya vumbi. Kubaliana na mwenzako kiasi cha kutumia kwa mwezi, na ada ya shule isiguswe kamwe kwa ajili ya kitabu, hata kiwe kizuri namna gani.

Tazama ukurasa wenye mwaka wa kuchapishwa. Jalada la karatasi la nje usilitupe, kwa maana wakusanyaji hulithamini sana. Andiko la mkono lililomo ndani, kama vile "Kwa mwanangu, Krismasi 1969", usilifute. Hilo ni sehemu ya maisha ya kitabu.

Usivikalishe vitabu juani wala vikiegemea ukuta wenye unyevu. Visimamishe kabatini vikiwa na nafasi ya hewa, na vifutwe vumbi mara kwa mara. Usibandike plastiki ya gundi mahali palipochanika, kwani gundi hugeuka kahawia na kuila karatasi. Kipande cha gazeti kitenge na karatasi nyingine kwa sababu hukichafua kinachogusana nacho. Kitabu chenye wadudu kifunge vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, ukiweke kwenye friza wiki moja au mbili. Ukikitoa, usikifungue mpaka ubaridi wote uishe.

La mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Chukua penseli laini, si kalamu ya wino, uandike polepole nyuma ya kila picha: nani, wapi, mwaka gani. Kama ni kitu kisichoandikika, weka karatasi pembeni yake. Kama wewe hujui, mwulize anayejua wiki hii, si Krismasi ijayo. Waite watoto wakae wasikilize babu anapoeleza jinsi alivyopakia mizigo kwenye ndege, au bibi anapokumbuka mavazi aliyoyavaa akihudumia abiria. Mtoto atakayeandika maelezo hayo kwa mkono wake hatakubali yachomwe.

Na wewe unayeshika ufagio Jumamosi hii, ukikuta boksi usilolijua chini ya kitanda, liweke kwanza juu ya meza. Uliza ni la nani.